Ndani ya Meko ya Uongo

Oktoba 3, Jumanne

Perrine kaninunulia daftari hili ili ninyamaze. Mjukuu wangu hana haya. Kaniambia, "Bibi, mimi nasoma maneno yangu ya mchezo, wewe unaongea na sufuria. Chukua, hayo unayoyasema yaandike." Basi naandika.

Shule sikuijua hata mlango wake. Sisi tulikuwa waigizaji wa ukumbi wa mbao, leo tunausimamisha karibu na soko la ng'ombe, wiki ijayo tunaubomoa na kuupakia kwenye mkokoteni, na hakuna mwalimu wa kutufuata. Herufi nilifundishwa na Anselme kwenye treni, kutoka kwenye karatasi za michezo yake, nikiwa tayari mama wa mtoto. Ndiyo maana neno la kwanza kulisoma maishani mwangu lilikuwa "Anatoka", lile la kumwondoa mwigizaji jukwaani.

Anselme ni Anselme Vauquier. Kwa Wafaransa wenye mvi jina hilo halihitaji maelezo. Mimi ndiye ninayemvalisha nguo za jukwaani, tangu sote wawili tuna meno yetu. Na safari hii, hapa Lyon, Perrine ndiye anayecheza binti yake jukwaani. Jukumu lake la kwanza lenye maneno. Usiku sipati usingizi kwa furaha, na kwa sababu ya magoti.

Oktoba 11, Jumatano

Leo Anselme ametaja kamba.

Ndani ya ukumbi wa michezo neno hilo halitamkwi; ni mkosi, na aliyelitamka huwanunulia wote kinywaji. Hata fundi anayening'inia nayo mkononi huiita uzi, nyuzi, chochote kile. Anselme mwenyewe aliwahi kumfukuza mwigizaji mwenzake Paris kwa ajili hiyo, na siku ile ile akamfuata barabarani kumwomba radhi. Sasa leo, katikati ya mazoezi, kainua uso na kusema taratibu, "Basile, ile kamba ya pazia imelegea."

Kila mtu akasimama kama alivyo. Basile, msimamizi wetu wa jukwaa, mzee aliyeanza kugonga fimbo sakafuni kufungua michezo kabla baadhi yao hawajazaliwa, akavua kofia.

"Mzee Vauquier," akasema, "umetupiga wote risasi. Mvinyo leo ni juu yako!"

Wakacheka. Anselme naye akacheka, akapiga makofi, akasema atanunua, atanunua. Lakini mimi namjua mtu huyu akicheka. Alikuwa anawatazama midomo mmoja mmoja ili aone wanachekea nini.

Oktoba 12

Mvua. Nimepiga pasi mashati. Sijasema kitu kwa mtu.

Oktoba 17, Jumanne

Kaniita kwenye chumba chake cha kuvalia, kafunga mlango, kakaa na fulana yake.

"Zélie, maneno yanadondoka."

"Yapi?"

"Ningeyajua yapi, yasingekuwa yamedondoka, mwanamke wewe!"

Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka. Kanieleza. Mwanzo ilikuwa jina la barabara, halafu jina la mke wake wa pili, jambo ambalo nikamwambia ni baraka. Sasa ni mchezo. Anayashika asubuhi, yote, kama maji ndani ya ndoo. Jioni anakuta ndoo ina tundu.

Zamani kila ukumbi ulikuwa na mtu wa kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau, kakaa ndani ya shimo lake mbele ya jukwaa. Mwongozaji wetu, Bwana Maurin, amelipigilia mbao shimo la hapa. Anasema ni uchafu wa kale.

"Pale nyumbani kwenye mchezo," Anselme akasema, "kiti changu kiko karibu na meko."

Meko yenyewe ni ya mbao zilizopakwa rangi, na kuni za karatasi, na taa nyekundu. Nyuma yake ni tupu.

"Hapana," nikasema.

"Wewe ni mfupi."

"Hapana, Anselme. Nina magoti ya miaka sabini na kitu."

"Zélie. Nikitoka pale juu, ninakwenda wapi?"

Nimekubali, ila nimemwambia aape kwamba hatamwambia mtu. Kaapa. Nami nimeapa.

Oktoba 21, Jumamosi

Usiku wa kwanza umepita. Watu walisimama kupiga makofi. Perrine wangu alikuwa kama mshumaa pale juu, nami nimemtazama kupitia ufa wa mbao, natafuna ncha ya mtandio ili nisimwite jina.

Anselme alihitaji msaada mara tatu hivi. Ninampa neno la kwanza tu, yeye anavuta lote. Moja lilichelewa kwa sababu vumbi lilinikaba, nikakohoa. Meko yamekohoa mbele ya nusu ya mji wa Lyon! Anselme hata hakugeuka. Akasema, "Dohani hii ina mafua tangu mke wangu afe." Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Maurin amesema maneno hayo yabaki, kwa hiyo sasa natakiwa kukohoa kila siku. Maurin anadhani ni Basile anayekohoa.

Oktoba 24

Vitunguu vimepanda bei. Supu ya jukwaani naipika mwenyewe, ya kweli, ya vitunguu na mkate na jibini, kwa sababu Anselme hajui kula hewa. Hakuwahi kujua.

Novemba 2, Alhamisi

Siku ya marehemu. Tumekwenda makaburini na maua, kama kila mtu. Firmin, mume wangu, ana jirani mpya, mwuza nyama. Atafurahi. Anselme alikuja nami, kashika ndoo ya maji.

Kanikumbusha siku aliyotufikia. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa mchinjaji wa Saint-Flour, kamtoroka baba yake na viatu vya kaka yake. Baba yangu akampa kazi ya kuigiza maiti. Alilala juu ya meza, tukamlilia, na katikati ya kilio maiti akapiga chafya. Watu walilipa tena kesho yake wakitaka waione ile chafya. Baba akasema, "Huyu ana kitu."

Akaenda Paris. Jukwaani kwanza, halafu sinema. Majambazi, mapadri, mabwana wenye farasi. Uso wake ulibandikwa kwenye kila ukuta wa nchi hii, wanawake wakimwandikia barua zenye harufu. Siku Firmin alipozikwa, alikatisha filamu akaja na rangi ya usoni, kabeba jeneza bega la mbele, jasho linamchuruzika la rangi ya chungwa. Halafu sinema ikataka sura mpya. Haikumfukuza, iliacha tu kupiga simu. Akarudi jukwaani bila kulalamika. Na mama yake Perrine alipofariki, yeye ndiye aliyemkalisha mtoto magotini akamfundisha kupumua kutoka tumboni. "Ukipumua vizuri," alimwambia, "huwezi kulia na kusema kwa pamoja, utachagua."

Yote haya anayakumbuka. Kasoro ya jana.

Novemba 14, Jumanne

Kuna jambo limetokea na silipendi.

Ni ile sehemu ya tatu. Niiandike vizuri. Baba, mwoka mikate mjane, alimfukuza binti yake kwa ajili ya ndoa. Sasa binti amerudi. Amesimama mlangoni, theluji ya karatasi inamwangukia, na hawezi kuingia mpaka baba amwambie. Baba ana bakuli mbele yake. Anasema, "Ingia basi. Supu bado ina moto." Mchezo mzima umejengwa ili mzee yule aseme maneno hayo. Watu hulia.

Jana maneno hayakuja. Nikampa, hakusikia. Na katika kile kimya, Anselme kaweka kijiko chini, kamgeukia Perrine, kamtazama. Ule utazamaji ninaujua tangu ujana wake. Nyusi juu kidogo, huruma kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyejisahau: haya binti, zamu yako. Ukumbi mzima ukamgeukia mtoto. Mtoto akawa mwekundu. Nikanong'oneza tena, kwa nguvu, naye akasema lile neno vizuri mno, kwa upole, kama anayemwokoa. Watu wakashusha pumzi.

Nyuma ya pazia Maurin alimwambia Perrine, "Umshukuru Mzee."

Akaenda kumshukuru.

Novemba 23

Tena.

Novemba 26

Tena. Theluji ya kweli nje.

Desemba 5, Jumanne

Nimejifungia chumbani na Anselme kabla sijamfunga vifungo.

"Unamtazama mjukuu wangu kana kwamba ni yeye aliyesahau."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo! Na hiyo mikono yako mizuri, na hizo nyusi."

Akakaa. Akajitazama kwenye kioo, akainua nyusi, akazishusha. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Zélie, naapa sipangi. Macho yanafanya yenyewe. Mtu akizama, mkono unashika chochote kilicho karibu."

"Basi shika meko! Nishike mimi!"

"Nitashika meko," akasema. "Nakuahidi."

Nilimwamini. Alimaanisha kabisa. Kufika jioni ahadi ilikuwa imetoka kwa lile tundu la ndoo.

Desemba 13, Jumatano

Maurin amempigia Perrine kelele mbele ya wote. Kasema mtu wa heshima kama Vauquier hawezi kila siku kumbeba msichana mgongoni. Kasema kwenye chuo cha uigizaji kuna mabinti wamepanga foleni mpaka mtoni. Colombe, yule anayecheza mtumishi wa nyumba, alikuwa anatazama kucha zake. Ameshaanza kuyasoma maneno ya Perrine. Simlaumu, naye ana tumbo la kulisha.

Basile akasema, "Bwana Maurin, msichana anangoja maneno ya kuitiwa mlangoni. Hana maneno yake pale."

"Basi aingie na uso wa mtu anayejua anachokingoja!"

Mimi nilikuwa hatua chache tu, nimeshika koti la Anselme. Ningefungua mdomo ungekwisha ubishi. Nililipiga koti brashi. Lilikuwa safi. Nikalipiga tena.

Desemba 25

Nimechinja bata, nimeoka kila kitu. Anselme amekuja na chokoleti na kofia mpya. Perrine hakula. Alipomaliza kuosha vyombo akaniuliza, mgongo umenigeukia:

"Bibi, mama alikuwa anasahausahau?"

"Mama yako? Alikuwa anakumbuka hata deni la peremende za utotoni. Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sijisikii kusahau. Hapo ndipo ninapoogopa. Nasimama pale, nayajua yote, halafu Mzee ananitazama na nagundua kuna kitu nimekiacha. Sijui nini. Nikifika nyumbani nasoma, hakuna kitu. Labda sina kichwa cha kazi hii."

Na huyo mwingine amekaa pale kwenye kiti changu, na kofia yake, anasikiliza, anasema kwa mapenzi yote, "Usijali, kuku wangu. Mimi nipo. Nitakubeba."

Hakuwa anaigiza. Anaamini. Amekwishasahau kwamba ni yeye.

Nami nimesema nini? Nimesema, "Kalale, mwanangu." Mimi, Zélie Courtade, niliyewahi kumzaba kofi ofisa wa polisi sokoni Aurillac kwa sababu alimsukuma mbwa wetu. Nimemwambia mtoto akalale.

Januari 6, Jumamosi

Sikukuu ya wafalme, keki imekatwa nyuma ya jukwaa. Lile haragwe linalofichwa ndani lilimwangukia Anselme, akawa mfalme, wakamvika taji la karatasi. "Chagua malkia!" wakapiga kelele. Akamchagua Perrine. Mtoto alitabasamu kama anayepimwa jino.

Perrine anatapika kabla ya sehemu ya tatu. Anadhani sijui. Ndoo naimwaga mimi.

Januari 9, Jumanne

Watu wa televisheni wanakuja Alhamisi kuutazama mchezo. Wakiupenda, watarudi na kamera, na nchi nzima itauona. Maurin amemwita Perrine pembeni. Hakupiga kelele safari hii, na hilo ni baya zaidi.

"Ukikwama mlangoni Alhamisi," kamwambia, "Ijumaa anasimama Colombe. Na nikiulizwa na ukumbi mwingine, sitadanganya kwa ajili yako."

Nimekwenda kwa Anselme. Nimemwambia akatae kucheza, aseme ana homa. Kanitazama kama nimemwambia akate mguu. "Televisheni, Zélie! Mara ya mwisho watu wa kamera walinitafuta lini?"

Nimekwenda mpaka mlango wa ofisi ya Maurin. Nimesimama pale. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Alipofungua akaniuliza, "Mama Zélie, unataka nini?" Nikasema sabuni imekwisha.

Januari 12, Ijumaa

Naandika asubuhi. Chai imepoa. Nitaandika mpaka mwisho, na nikikosea herufi zikae hivyo hivyo.

Jana ukumbi ulijaa. Watu wa televisheni walikaa safu ya nne, wawili, na mwanamke mmoja mwenye miwani. Basile aligonga fimbo, yale mapigo ya haraka, halafu yale matatu ya taratibu, nami nikaingia ndani ya meko na mto wangu na mtandio.

Sehemu ya kwanza Anselme alikuwa kama zamani. Hakunihitaji. Nilifikiri, Mungu ni mwema. Alipotaja mke wake aliyekufa, mwanamke mwenye miwani aliivua. Ya pili nilimpa neno moja tu. Nilikohoa kikohozi changu, watu wakacheka panapotakiwa.

Kabla ya sehemu ya tatu nilikwenda kuchukua supu. Nilimkuta Perrine ameinamia ndoo nyuma ya mapazia ya zamani. Nikamshika paji la uso, kama alipokuwa mdogo. Akasema, "Bibi, usikae. Nenda, utachelewa kunitazama." Alidhani huwa nakaa pembeni namtazama. Alikuwa ananionea huruma.

Nikaweka bakuli mezani, nikarudi ndani ya meko.

Mlango ukafunguka. Perrine akasimama, theluji ikaanza. Kupitia ule ufa niliona kidevu chake kinatetemeka vilevile kama siku tulipomleta nyumbani kutoka mazishi ya mama yake, ana miaka minne, kasimama kizingitini hajui kama hapa ni kwao.

Anselme akainua kijiko. Mvuke ulikuwa unatoka. Nilijua kabla yake. Bega lake la kulia hushuka kidogo yanapomtoka. Likashuka.

Maneno nilikuwa nayo. "Ingia basi." Nilikuwa nayo hapa, nyuma ya meno.

Akageuza uso taratibu. Nyusi zikaanza kupanda. Mtoto akaiona ile sura na nikaona anavyofunga macho, kama mbwa anayejua fimbo inakuja.

Sikusema.

Sikuwa nimepanga. Au nilipanga kwenye mlango wa Maurin bila kujiambia, sijui. Ninachojua ni kwamba mdomo ulikuwa wangu na niliufunga. Nikauma mtandio. Kimya kikawa kirefu. Mtu akakohoa, safari hii si mimi. Anselme aliendelea kumtazama Perrine, na ile sura yake ya huruma ikaanza kuchoka, kwa sababu haikutengenezwa kukaa muda mrefu hivyo. Nyusi zikashuka. Chini yake hapakuwa na mwigizaji. Palikuwa na mzee aliyevaa nguo za mwoka mikate.

Nikajiambia, sasa, Zélie, inatosha, mpe. Sikumpa.

Akageuka, akawapa watu wote mgongo, akainamia meko. Nikamwona uso karibu na wangu, na ile taa nyekundu machoni.

"Zélie?" akasema.

Ukumbi mzima ulisikia. Ana sauti ya ukumbi, hajui nyingine.

"Zélie, upo? Ni nini kinachofuata?"

Nami bado sikusema, kwa sababu sasa nilikuwa nalia, na alitufundisha mwenyewe kwamba lazima mtu achague.

Ndipo nikasikia viatu. Perrine aliingia. Bila kuitwa, ndani ya mchezo ambao wote ni wa kuitwa. Akapita, akapiga magoti hapo hapo kati ya kiti na meko, akanificha kwa sketi yake, akamshika Anselme mikono. Akasema kwa sauti ya wazi:

"Mama hayumo humo, Baba. Ni mimi. Nimesikia harufu ya supu nikiwa barabarani. Najua ulikuwa unataka kuniita. Nimeingia."

Anselme akamtazama. Polepole akarudi kutoka huko alikokuwa. "Umeingia," akasema. "Una theluji kichwani." Akaanza kuifuta, karatasi moja moja. Hayo hayamo popote kwenye mchezo.

Pazia lilipoanguka watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka darini. Wengi walidhani ndivyo ulivyoandikwa. Maurin hakudhani hivyo. Alikuwa amesimama pembeni, mweupe, anamtazama msichana aliyekuwa akimpigia kelele.

Nikamvua Anselme nguo.

"Ulilala, Zélie?" akaniuliza.

Ningeweza kusema kweli. Chumbani tulikuwa wawili tu.

"Nililala," nikasema.

Akanipigapiga shavuni. "Maskini. Umezeeka, mama. Ni kosa langu, nakukalisha kwenye vumbi." Na akanibusu kichwani, na akanisamehe.

Januari 13, Jumamosi

Perrine aliongea asubuhi, amesimama, koti mwilini.

"Tangu lini uko ndani ya meko?"

"Tangu Oktoba."

"Kwa hiyo ulijua kuwa si mimi."

"Nilijua."

"Krismasi ulijua."

"Nilijua, mwanangu."

"Ulimwaga ndoo yangu, Bibi. Ulikuwa unajua, ukaimwaga, ukaiosha, ukairudisha."

Nilikuwa na mambo ya kumjibu. Kwamba niliapa. Kwamba yule mtu hana kwingine. Yote ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na kimo cha kusimama mbele yake. Nikasema, "Ndiyo." Akachukua sanduku, amekwenda kukaa kwa rafiki yake.

Januari 16

Maurin amebandika tangazo kwamba Mzee Vauquier anaumwa koo. Watu wa televisheni wanakuja kwa ajili ya Perrine. Anayecheza baba sasa ni Bwana Thévenard. Nimelazimika kulipunguza koti mabegani.

Januari 24

Baridi. Nimepika supu ya jukwaani. Nyumbani sijapika.

Februari 1, Alhamisi

Amegonga. Perrine ana funguo, lakini amegonga. Nikafungua, nikamkuta kasimama kizingitini, pua nyekundu.

"Nina njaa," akasema. "Sijakusamehe. Nina njaa tu."

"Sikukuuliza," nikasema. "Vua viatu."

Alikula sahani mbili. Aliponyanyuka akaniuliza hali ya Anselme. Nikamwambia anakaa dirishani, amevaa tai, anangoja gari la kumpeleka kazini. Kila siku jioni. Perrine akachukua sahani yake. "Basile anasema apewe ile fimbo ya kugonga," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Sikulala. Yeye ndiye aliyeumizwa, na ndiye aliyewaza hilo.

Februari 10, Jumamosi

Jana ulikuwa usiku wa tatu Anselme anagonga. Anakuja mapema, namvalisha suti nyeusi, nampaka hata poda usoni kwa sababu anaigombea. Basile anampa fimbo kwa mikono miwili. Anagonga vizuri. Yale ya haraka, halafu matatu, yenye nafasi katikati kiasi kwamba ukumbi mzima huacha kupumua. Hajakosea hata mara moja.

Halafu pazia linafunguka, na yeye anaanza kutembea kuelekea jukwaani. Kila siku. Ninamshika mkono wa koti. Kazi yangu yote maishani ilikuwa kumsukuma mtu huyu apande pale juu, mgongoni, hapa, kwa kiganja. Sasa namvuta nyuma. Anasimama bila ubishi, anadhani zamu yake bado kidogo.

Jana tulisimama gizani pembeni, namshika mkono, Thévenard akaanza kusema. Nikasikia kitu sikioni. Ni Anselme, anasema maneno. Taratibu, kwa pumzi tu, nusu neno mbele ya Thévenard. Sehemu ya kwanza yote. Sehemu ya pili yote. Hakuna lililodondoka. Hata dohani yenye mafua aliitaja, nami nikakohoa bila kujua, na ukumbi haukusikia.

Nilisimama pale nikahesabu yale ambayo ningeyasahau mimi, na yeye hakusahau. Nikawaza, labda ningevumilia mwezi mmoja. Labda ilikuwa ni ule mwanga tu, unaomtisha. Labda nimemtoa mtu shambani wakati jua lake bado liko juu. Hakuna wa kunijibu. Maurin hajui, Perrine alikuwa juu, anacheza.

Ikafika sehemu ya tatu. Mlango ukafunguka, mtoto wangu akasimama, theluji ikaanza. Thévenard akainua kijiko.

Na Anselme akanyamaza. Pale pale. Nikaliona bega la kulia likishuka.

Hakumtazama Perrine. Aligeuka, akanitazama mimi, kwa karibu, nyusi zake mahali pake. Alikuwa anangoja.

Nikamwekea mdomo sikioni. "Ingia basi," nikamwambia. "Supu bado ina moto."

Akatikisa kichwa, kwamba ndiyo, ni hayo. Akanibana vidole.

"Leo hukulala," akasema.